Kofia na Kikombe

Jumatatu asubuhi meneja aliweka diski mbili juu ya meza yangu, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeleta kuku wagonjwa kwa daktari.

"Nieleze," akasema.

Zilikuwa diski za msasa namba themanini, zile ngumu zinazofungwa kwenye grainda kulainisha chuma. Kundi moja, tarehe moja, na mhuri nyuma ulikuwa wangu. Moja ilikuwa imejipinda kwa nyuma, chembe kali za msasa zimebaki nje, kama kofia. Ya pili ilikuwa imejikunja kwa mbele, chembe zimeingia ndani, kama kikombe. Nilizilaza kifudifudi. Nikazilaza chali. Kofia ilibaki kofia na kikombe kikabaki kikombe.

"Haiwezekani," nikasema.

"Zipo mezani kwako."

"Naziona. Nasema haiwezekani. Gundi ikivuta, diski inakuwa kikombe. Mgongo ukivuta, inakuwa kofia. Haviwezi kuvuta vyote katika kundi moja. Ni sawa na mtu kupanda ngazi na kushuka kwa wakati mmoja."

"Wateja wawili wamerudisha," akasema. "Mmoja karudisha kofia pekee, mwingine vikombe pekee. Mimi nadhani ni gundi."

Meneja wetu huwa na jibu kabla ya swali. Na akisema gundi, kiwanda kizima kinajua anamsema nani. Gundi yetu hupikwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu.

"Mkataba wake unaisha Ijumaa," akaendelea. "Hana cheti. Alifundishwa na mzee aliyestaafu, kwa kuonyeshwa tu. Nataka fomu ya chanzo mezani kwangu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikisema gundi, simwongezei mkataba." Akafika mlangoni akageuka. "Najua ni ndugu yako. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, Mkaguzi."

Nikabaki nimeshika kofia mkono huu na kikombe mkono huu, kichwa kikiniwanga.

Afadhali nieleze diski inavyozaliwa, maana bila hivyo hakuna atakayeelewa kwa nini nilichanganyikiwa. Mgongo wake ni karatasi nene iliyoshindiliwa tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa ngumu kama ukucha. Sisi tunaiita faiba. Faiba hiyo, iliyoviringwa kama jora la kitambaa, hupita kwenye gundi ya moto, ikatoka imepakwa upande mmoja. Hapo hupitishwa juu ya sinia refu la chembe, upande wa gundi ukiangalia chini. Chini ya sinia kuna umeme. Ukiwashwa, chembe huruka juu zenyewe, zikanasa kwenye gundi zimesimama wima, ncha kali nje, kama manyoya ya paka aliyetishwa. Mgeni akiona mara ya kwanza huuliza nani anazirusha. Baada ya hapo oveni, kisha gundi ya pili ya kushikilia miguu ya chembe, kisha oveni tena, muda mrefu. Halafu mashine hukata mviringo na tundu la katikati.

Diski iliyotoka oveni ina kiu. Faiba imekauka, ukiikunja inapasuka. Kwa hiyo tunaiingiza kwenye chumba cha unyevu, tunachokiita bafu, ikae siku nzima na usiku wake, inywe kiasi. Ikitoka tunazipanga na kuzibana kwa vyuma ili zilale bapa. Hapo ndipo ninapokuja mimi na kioo changu. Naweka diski juu ya kioo, naangalia kama kuna mwanga chini yake. Hakuna mwanga, napiga mhuri.

Kundi lile nililipiga mhuri mwenyewe. Hapakuwa na mwanga chini ya hata moja.

Jumanne niliingia jikoni kwa wifi, ndivyo tunavyokiita chumba cha gundi. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, anakoroga, barakoa shingoni.

"Mkaguzi," akasema bila kugeuka.

"Mpishi," nikasema.

Hilo lilikuwa sharti letu. Nilipopandishwa kuwa mkaguzi, miaka minne iliyopita, tulikaa sebuleni kwangu tukakubaliana: kazini hakuna wifi, nyumbani hakuna kazi. Tuliona tumefanya jambo la akili sana. Kazini nisimpendelee, nyumbani tusigombane mbele ya mama yake, ambaye naishi naye. Na kweli kwa miaka minne hatukugombana hata siku moja. Hatukuongea pia, lakini hilo sikuwa nimeliona.

Nilipima joto la sufuria. Sawa. Nilichota gundi kwa kikombe cha kupimia chenye tundu chini, nikahesabu sekunde inavyochuruzika mpaka kuisha. Sawa. Nikarudia mara tatu. Sawa mara tatu. Nikapima uzito wa unga wa chokaa anaochanganya, nikaangalia daftari lake la oveni, kila saa imeandikwa kwa mwandiko wa mtu asiyependa kuandika. Sawa.

"Umekosa?" akauliza.

"Nimekosa nini?"

"Unachokitafuta."

"Sitafuti kitu. Napima."

"Haya, pima," akasema. "Mwenye kipimo ndiye mwenye neno."

Nilipokuwa natoka niliona viatu vyake. Vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kamba, na sakafu ya chumba cha gundi ni kavu kama mfupa. Niliona, nikapita. Nilijiambia si kazi ya mkaguzi kuuliza watu habari za viatu.

Nilipita bafuni nikaangalia karatasi ya kipimo cha unyevu mlangoni. Kila asubuhi saa mbili, namba ni ile ile inayotakiwa. Nikapiga simu stoo, anakokaa mtu tunayemwita Bwana Sahihi kwa sababu hatoi hata msumari bila sahihi ya mkubwa.

"Stoo iko sawa?" nikamuuliza.

"Iko kama ulivyoagiza, mama," akasema.

Nikashukuru nikakata. Niliona ni adabu tu. Jioni ile nilikuwa na orodha ndefu ya vitu vilivyo sawa, na diski mbili zilizokunjika zikinicheka.

Jumatano nilikwenda kwa mteja wa vikombe. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza matangi ya maji, na karakana yake ina kelele ambayo huisikii tena baada ya dakika kumi ila meno huendelea kuisikia. Alikuwa na plasta juu ya jicho.

"Hii ni yenu," akasema akiigusa. "Karibuni tena."

"Ilikuwaje?"

"Usiniulize. Nikuonyeshe."

Akachukua diski yetu ya zamani, nzuri, bapa, akaifunga kwenye grainda juu ya bamba la mpira, akakaza nati. Akavaa miwani, akanipa mimi nyingine. Aliegemeza diski kwenye mshono wa chuma kwa pembe ndogo, inayogusa ni ile sehemu ya ukingoni tu, akaiacha iende yenyewe bila kuikandamiza. Cheche zilitoka kwa mkondo mmoja, na mshono uliokuwa na vinundu kama kovu la kuungua ukawa laini. Nikapitisha kidole. Hakikukwama popote.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Sasa mtazame mgonjwa wako."

Akafunga kikombe. Hakukiwasha, alikizungusha kwa mkono juu ya chuma. Mdomo wa kikombe uliinuka mbali na bamba la mpira na ukawa unachimba kabla diski haijalala.

"Huu mdomo ukizunguka mara elfu kumi kwa dakika, ukakuta pembe ya chuma, unakamatwa. Ukikamatwa unachanika. Ukichanika unatafuta uso wa mtu. Nilikuwa na miwani. Bila miwani ningekuwa naongea na wewe kwa jicho moja."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Nataka kujua tu kama mnazitengeneza kwa macho wazi."

"Zote zilikuwa vikombe? Hata kofia moja hakuna?"

"Kofia ndiyo nini?"

Nikamwonyesha ile ya kofia. Akaigeuzageuza, akacheka. "Hii haichani mtu. Hii katikati inaungua na ukingo haugusi kitu. Ni bure tu. Kwangu hazijafika."

Njiani nilipita duka la vifaa lililorudisha kofia. Muuzaji alinifungulia maboksi yote. Kofia, kofia, kofia. Hajawahi kuona kikombe. Nikasimama pale kaunta, jasho likinitoka. Kundi moja, mashine moja, gundi moja, siku moja. Kwa fundi vikombe, dukani kofia. Diski zilijua zinakokwenda?

"Mama, unajisikia vizuri?" muuzaji akauliza.

"Sijui," nikamjibu, na ndilo jibu pekee la kweli nililotoa wiki ile.

Nyumbani sikusema kitu, kwa kuwa sharti ni sharti. Wifi alikuja kumletea mama yake dawa ya miguu. Tulikula pamoja. Aliongelea paa la chumba anachopanga. Mimi niliongelea shule ya watoto. Mama mkwe alitutazama mmoja mmoja.

"Leo mmekaa kama wageni wa msiba," akasema.

"Uchovu tu, mama," tukasema wote wawili, kwa pamoja, kisha tukaangalia sahani zetu.

Wifi alipoondoka, mama mkwe alisema, akiangalia mlango, "Mficha uchi hazai." Sikujua anamsema nani kati yetu. Nikaosha vyombo.

Alhamisi asubuhi niliamka mapema, nikakuta mama mkwe ameketi kwenye kibao nje ya bafu letu, ndoo ya maji mbele yake, anasugua kisigino. Anasugua kwa diski yetu. Kiwandani tunaruhusiwa kuchukua zilizokatwa vibaya tundu, na mwezi uliopita nilimletea mbili, namba mia na ishirini, baada ya kulalamika kwamba visigino vyake vinachana shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiniangalie hivyo, nimekuta tu inanifaa. Jiwe halijawahi kunitoa ngozi ya kobe hivi."

Lakini sikuwa naangalia kisigino. Diski ilikuwa imejikunja kwa mbele, imekumbatia kisigino chake kama kiganja. Kikombe.

"Mama, hii ilikuwa hivi nilipokuletea?"

"Ilikuwa bapa kama sahani. Ilijikunja yenyewe humo bafuni. Ndiyo maana naipenda, imejifunza mguu wangu."

"Na ile nyingine iko wapi?"

"Ya sufuria? Ipo jikoni, kwenye msumari nyuma ya jiko. Ile imenuna tangu niitundike."

Nilikwenda jikoni kwa miguu mitupu. Ilikuwa inaning'inia pale penye joto, imejipinda kwa nyuma, chembe nje. Kofia.

Nikarudi nazo zote mbili mkononi. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila mama mkwe aliacha kusugua.

"Kwani ulikuwa hujui?" akasema. "Nikizibadilisha mahali nazo hubadilika. Nilishajaribu, nikacheka peke yangu. Si una diploma wewe?"

Ninayo. Imeandikwa kwenye diploma hiyo, au karibu yake, kwamba faiba ikinywa maji hutanuka na ikikosa maji hunywea. Nilikuwa najua. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani. Lakini karatasi ya bafu la kiwandani ilisema sawa, na stoo ilisema sawa, na mtu akishaambiwa sawa mara mbili huacha kutumia alichosoma. Nikavaa, nikasahau kunywa chai, nikafika kiwandani saa mbili na nusu, nusu saa baada ya kipimo cha asubuhi kuandikwa.

Nilifungua mlango wa bafu bila kubisha. Wifi alikuwa ndani, ndoo mkononi, sakafu yote maji. Juu ya rafu za diski alikuwa ametandika magunia yaliyolowa, yanachuruzika.

Tukatazamana.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki ya sita hii."

"Kila siku?"

"Kila siku, wakishaandika kipimo. Jioni natoa magunia, nakausha."

"Nani kakuambia umwage maji?"

"Nani aniambie? Nina macho." Akaweka ndoo chini. "Nilipita duka moja nikaona diski zetu zimekuwa kofia. Nikajua zinatoka kwenye oveni yangu na kiu kuliko kawaida. Sijui kwa nini, oveni sijaigusa. Lakini nikajua watasema gundi. Siku zote ni gundi. Nikasema nizinyweshe zaidi."

"Umezilevya. Fundi mmoja nusura apoteze jicho."

Alikaa juu ya ukingo wa rafu.

"Sikujua zimekuwa vikombe," akasema. "Nani angeniambia?"

Hapo ndipo nilipokuwa na jibu la kupeleka kwa meneja, na halikuwa zuri. Vikombe vilikuwa vya wifi. Hata kama si gundi, ni mikono ile ile. Na nikaelewa papo hapo kwa nini kioo changu hakikuviona: diski iliyotoka kubanwa hulala bapa kama mtoto aliyetishwa. Ungeisubiri saa moja ndipo ungeijua tabia yake. Mimi sikuwahi kusubiri. Fundi wa matangi hupelekewa mzigo moja kwa moja kutoka kwenye vyuma, umefungwa nailoni, na maji yake ndani.

Lakini kofia zilikuwa bado hazina maelezo.

"Subiri," nikasema. "Uliziona kofia kabla hujamwaga hata ndoo moja?"

"Kabla. Ndiyo maana nilimwaga."

"Za dukani."

"Za dukani."

Mzigo wa maduka hauendi moja kwa moja. Unakaa stoo wiki mbili, tatu, kwenye rafu wazi, ukisubiri maboksi yaliyochapwa. Nikatoka. Nilimsikia wifi akinifuata, viatu vyake vikilia maji.

Stoo ilikuwa na joto la kuatamia mayai. Bwana Sahihi alikuwa nyuma ya meza yake na fulana tu, shati ameliweka kwenye kiti. Pembeni hita mbili zilikuwa zinanguruma, zimeelekezwa kwenye rafu za diski.

"Karibuni," akasema akisimama. "Mama mwenyewe umekuja leo."

"Nani kawasha hizi?"

"Mimi."

"Nani kakuambia?"

Alinitazama kama mtu anayejaribiwa. Kisha akaenda kwenye mlango, akaondoa koti lake na mwavuli kwenye msumari, na nyuma yake kukawa na karatasi iliyofunikwa plastiki, kingo zimekuwa za njano. Niliisoma ingawa sikuhitaji. UNYEVU NI MWIKO KATIKA STOO HII. HITA ZIWAKE MUDA WOTE. ATAKAYEZIMA ATAWAJIBIKA. Chini yake sahihi, imepigiwa mstari mara mbili. Sahihi yangu.

Miaka minne nyuma stoo hii ilikuwa ya msasa wa karatasi, na mvua moja ilitufanya tutupe nusu ya mzigo, umeota ukungu. Nilikuwa mkaguzi mpya na diploma yangu bado inanukia wino. Niliandika tangazo lile kwa hasira na nikalibandika mwenyewe. Kisha msasa wa karatasi ukahamishwa, stoo ikakaa tupu, nami nikasahau. Wiki nane zilizopita paa la stoo ya diski za faiba lilianza kuvuja, wakazileta hapa. Bwana Sahihi akasoma mlango, akawasha hita.

"Mimi nafuata karatasi," akasema, akiwa hajui aogope au asiogope. "Ulipiga simu juzi. Nikakuambia iko kama ulivyoagiza."

"Uliniambia," nikasema.

Wifi alikuwa ameegemea mlango. Alisoma tangazo, akalisoma tena mpaka kwenye sahihi. Nilisubiri acheke au atukane. Alinitazama tu kwa namna ambayo sikuielewa, na nilikuwa nimeshachoka kutoelewa.

Nilizima hita. Bwana Sahihi aliomba nisaini kwamba nimezizima mimi. Nikasaini.

Fomu ya chanzo ina nafasi tatu. Chanzo. Mfanyakazi aliyehusika. Sahihi ya mkaguzi. Niliijaza Alhamisi mchana, nikaichana, nikaijaza tena. Ya kwanza niliandika stoo tu, nikaacha maji ya bafuni, kwa kuwa meneja hakuyaona na fundi alishapoa. Kisha nikakumbuka ile plasta juu ya jicho. Ya pili niliandika yote: tangazo la mkaguzi lililoachwa mlangoni, hita, kofia, maji yaliyoongezwa bafuni na mpishi wa gundi akijaribu kuziokoa diski hizo, vikombe, na kioo cha mkaguzi kilichopima mapema mno. Gundi haina kosa. Kwenye nafasi ya mfanyakazi aliyehusika niliandika jina langu.

Ijumaa saa tano meneja aliisoma amesimama. Akakaa, akaisoma tena.

"Huwezi kujiandika," akasema.

"Kwa nini?"

"Mkaguzi ndiye anayesaini. Mhusika ni mwingine. Fomu hairuhusu."

"Imeandikwa wapi?"

Akageuza karatasi nyuma. Hapakuwa na kitu. "Haijaandikwa. Ila haijawahi kutokea."

"Basi leo imetokea."

"Na huyu mpishi alimwaga maji kwa siri kwa wiki sita, na unaniambia nimwongezee mkataba?"

"Alimwaga kwa kuwa kila diski ikikohoa unasema gundi. Gundi nimeipima mara tatu. Ukimtoa, Jumatatu nani atapika? Mimi na diploma yangu?"

Akasugua paji la uso. Aliangalia fomu, akaniangalia mimi, akaangalia saa. Akapiga simu kwa mkubwa wake, akaeleza, na nikasikia upande wa pili mtu akiuliza mara mbili, "Nani? Mkaguzi ni nani na mhusika ni nani?"

Ilichukua hadi saa nane kukubaliana. Wifi akapewa miezi sita badala ya mwaka, na barua ya onyo. Mimi nikanyang'anywa mhuri kwa miezi mitatu. Nitapima, ila meneja ndiye atakayepiga. Bwana Sahihi hakufanywa kitu, kwa kuwa alikuwa na karatasi.

Jumatatu tulitoa kundi jipya, hita zimezimwa, magunia yametupwa. Niliweka diski sita juu ya kioo. Pembeni niliweka moja zaidi, ya lile kundi bovu. Nilikuwa nimeikuta kwenye rafu ya stoo katikati ya kofia mia tatu, bapa kabisa.

"Saa moja," nikasema.

"Saa moja," wifi akasema. Alivuta kreti akakaa. Nami nikavuta yangu.

Saa moja ni ndefu kwa watu wawili waliozoea kutoongea. Mashine za kukata zilikuwa zinagonga upande wa pili wa ukuta. Wifi alikuwa anabandua gundi iliyokauka kwenye kucha zake.

"Ulipima sufuria," akasema hatimaye. "Ukapima unga. Ukasoma daftari langu. Ukaenda mpaka kwa fundi, ukaenda mpaka dukani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale juu ya kigoda. Mimi hukuniuliza."

"Tulikuwa na sharti."

"Sharti letu lilikuwa tusigombane. Nani alisema tusiulizane?"

Nilitaka kumjibu kwamba naye hakuniambia, na ingekuwa kweli. Lakini viatu vyake nilivyoviona Jumanne vimelowa mpaka kwenye kamba bado vilikuwa machoni mwangu, na nilivipita. Nikachukua ile diski moja bapa ya kundi bovu.

"Hii ilikaa kwenye hita sawa na wenzake," nikasema. "Hakuna kilichoigusa. Mbona haikujikunja? Wewe unaonaje?"

Aliipokea, akaipinda kidogo, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio, akainusa upande wa gundi. Akachukua muda wake.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi."

Akairudisha juu ya kioo pamoja na zile sita, akasogeza kreti lake karibu na langu ili wote tuone upande ambao mwanga ungepita.